Msiniulize Mimi Idadi

Hapa Chato mtu akikabidhiwa daftari tu, keshakuwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu. Kazi yangu naijua: jina la marehemu, jina la mfiwa, tarehe, nani katoa mchango na nani kaleta maneno. Sufuria ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, na ile iliyorudi imetoboka ilitobokea kwa nani. Basi. Lakini tangu mwaka 2020 sina raha. Nikikaa kwenye benchi la kahawa naulizwa. Nikiwa mwaloni Kasenda nachagua dagaa naulizwa. Juzi kinyozi kanikamata kichwa, wembe uko shingoni, ananiinamia sikioni: "Katibu, tuambiane ukweli, ile korona ilituua wangapi?"

Hebu fikiria swali hilo na wembe pale ulipo. Ukijibu vibaya unaongezeka wewe.

Na jibu sahihi halipo. Nikisema wengi, "Katibu unatumika, nani kakutuma ututishe?" Nikisema wachache, "Katibu unaficha, umepewa kitu kidogo." Nikisema sijui, wananiangalia kwa huruma, kwamba sasa daftari la nini.

Tatizo lilianza siku moja kwa pande zote mbili, ya wanaohesabu na ya wanaokadiria. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeshukia uwanja wa Kilimanjaro. Siku hiyohiyo, bila kuulizana na Ummy, wataalamu wa Chuo cha Imperial kule London, wakiongozwa na Neil Ferguson, wakatoa hesabu zao: Uingereza watakufa watu 510,000, Marekani milioni 2.2. Sisi tuna mgonjwa mmoja, wao wana maiti milioni mbili na ushee, na vyote viwili vikaingia kwenye simu yangu kabla ya taarifa ya habari ya usiku, kwa hisani ya shemeji yangu wa Mwanza. Huyu shemeji kwenye kundi la ukoo hajawahi kuandika neno lake mwenyewe. Anasambaza tu.

Alichokisambaza kilikuwa nusu. Ile ripoti ilisema wazi kwamba hiyo ndiyo idadi iwapo serikali na watu hawatafanya lolote, wataendelea kubanana na kukoholeana kama kawaida. Sasa neno "iwapo" halina nguvu ya kusafiri. Likitoka London lipo, likifika Mwanza limeshadondoka, huku Chato tunapokea maiti tupu.

Aprili ikaja ya kwetu Waafrika. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika ikasema bara hili linaweza kupoteza watu kati ya 300,000 na milioni 3.3. Nikaisoma kijiweni kwa sauti, maana miwani ninayo mimi. Mzee mmoja mvuvi mstaafu akaweka kikombe chini. "Katibu, mimi nikimuaga mama watoto nikamwambia nitarudi kati ya saa moja jioni na keshokutwa, nitafunguliwa mlango?" Watu wakacheka, kahawa ikamwagika, na hapo ndipo elimu ya makadirio ilipoishia katika wilaya yetu. Nilijaribu kueleza kwamba ile namba ndogo ni kama watu wote watakaa mbalimbali, kubwa ni kama hakuna atakayejali, na kwamba mwenye kuchagua iwe ipi ni sisi. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa bado kwenye suala la mlango.

Halafu Mei, dunia ikahamia Chato. Rais Magufuli alikuwa nyumbani kwake huku, na Mei 3, siku aliyomwapisha Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, akaeleza kwamba maabara ya taifa ilitegewa sampuli. Oili ya gari ikapewa jina la Jabir Hamza, mwanaume, miaka 30. Majibu: hana. Papai likaitwa Elizabeth Anne, miaka 26. Majibu: anayo. Mbuzi naye akakutwa nayo. Vipimo vikaonekana vina walakini, na kwa miezi kadhaa hapa sokoni hukuweza kununua papai bila mtu kukuuliza kama limejitenga siku 14.

Wengine walibishana kuhusu maabara. Mimi niliumia na kitu kingine kabisa. Papai lina majina mawili, jinsia na umri kamili! Kwenye daftari langu nina marehemu, binadamu waliolea watoto wakasomesha, ambao kwenye safu ya umri nimeandika "mtu mzima", na mmoja nimeandika "yule wa karibu na mashine", kwa sababu siku ya msiba hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Wiki ya papai ndiyo wiki namba zetu ziliposimama: wagonjwa 509, vifo 21. Zikasimama pale zaidi ya mwaka. Nairobi, Waziri Mutahi Kagwe alikuwa anasoma mpya kila kukicha, na sisi tukawa tunafuatilia za Kenya maana zetu tulishazikariri. Wiki hiyohiyo Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Afrika, likatoa makadirio yake, vifo kati ya 83,000 na 190,000 katika mwaka wa kwanza iwapo udhibiti utashindikana. Shemeji akasambaza. "Iwapo" ilishadondoka, kama kawaida.

Sasa nieleze kwa nini hizi namba mbili, ya waliohesabiwa na ya waliokadiriwa, zinagombana kila siku na mimi ndiye ninayepigwa. Ili ufe na korona kwenye takwimu, kufa peke yake hakutoshi. Lazima kwanza upimwe, majibu yatoke, yaandikwe, yatumwe, na aliyeyapokea ayatangaze. Ukikwama hatua moja, umekufa kwa kitu kingine. Mwanzoni mwa 2021 kila tangazo la msiba lilikuwa "changamoto ya kupumua", na mimi nilikuwa nikiandika tu, ukurasa hadi ukurasa. Februari 17 mwaka huo walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema ana korona, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mwezi mmoja baadaye akafariki Rais mwenyewe. Serikali ilisema ni moyo. Machi 26 tukamzika hapa hapa Chato, na siku hiyo hakuna aliyeniuliza idadi ya chochote.

Wataalamu wana dawa ya ugomvi huu, na nilipoisikia kwa mara ya kwanza nilitaka kulia, maana ni daftari langu! Wanaiita vifo vya ziada. Huulizi nani kafa na nini. Unahesabu misiba yote ya mwaka, ya korona, ya malaria, ya bodaboda, ya uzee, halafu unatoa misiba ya mwaka wa kawaida. Kinachobaki ndicho kilicholetwa na janga, iwe limekuua lenyewe au ulishindwa kufika hospitali kwa sababu yake. Kwa njia hiyo, Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema janga liliondoka na watu milioni 14.9 duniani kote katika mwaka 2020 na 2021, wakati nchi zenyewe zilikuwa zimetangaza kama milioni 5.4. India ilikasirika sana: yenyewe ilisema kama 481,000, shirika likasema milioni 4.7.

Sasa rudi kwetu. Kutoa unahitaji namba mbili, na sisi hata ile ya mwaka wa kawaida hatuna. Mtu akifia nyumbani kijijini, mtendaji anajulishwa, kaburi linachimbwa, ugali unapikwa, na RITA, wanaosajili vifo, huko walipo hawana habari mpaka siku warithi watakapogombania kiwanja. Ndiyo maana kwa nchi kama yetu wataalamu walitumia mifumo ya hesabu iliyojengwa kwa takwimu za nchi zenye takwimu. Yaani wamesoma daftari la jirani wakakisia langu, na langu liko kabatini hakuna aliyebisha hodi. Kwenye vitabu vya shirika hilo leo Tanzania ina vifo 846 vya korona. Kinyozi wangu namba hiyo haimtoshi, na shemeji yangu inamzidi.

Zambia walifanya jambo la maana. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walikwenda mochwari ya hospitali kuu ya Lusaka wakapima miili yenyewe, 364. Virusi vilikutwa kwa takriban mmoja kati ya kila sita, na wengi wao walikuwa wamefia majumbani bila kupimwa hata mara moja. Hawakukadiria. Waliingia chumba cha baridi wakapima. Naambiwa ni kazi isiyo na posho nzuri.

Nami nilifungua daftari, msidhani sikufungua. Kurasa za mwanzo wa 2021 zimesongamana kuliko za nyuma yake, nikaanza kutetemeka kwamba hatimaye nina jibu la kinyozi. Halafu nikakumbuka kwamba ule ndio mwaka tulipokea kaya za mtaa wa pili, wale waliogombana na katibu wao. Wanachama wakiongezeka misiba inaongezeka, hata kama hakuna ugonjwa wowote. Nikafunga daftari. Huo ndio uchungu wa kujua hesabu kidogo: unapoteza hata uongo mzuri uliokuwa nao.

Watu pekee wanaonielewa ni wachimbaji wa dhahabu. Nyangalata, kule Kahama, mwaka 2015 duara, yaani shimo la kuchimbia, liliwaporomokea watu, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati huku juu walikuwa wameshakatiwa tamaa. Kwa hiyo mchimbaji wa Geita ukimwambia "wako chini kumi", hakimbilii kulia. Anauliza kwanza: mlangoni nani alikuwa anaandika? Ningekuwa na uwezo ningempeleka mchimbaji mmoja kwenye kila mkutano wa waandishi wa habari.

Nilidhani yamekwisha. Januari 2025 ukaja ugonjwa wa Marburg, Biharamulo, jirani zetu kabisa. Wilaya hii yenyewe ilimegwa kutoka huko. Ulipokwisha mwezi Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10: wawili walithibitishwa maabara, wanane walihesabiwa kwa dalili na mazingira. Wote 10 walifariki. Shemeji akasambaza mahesabu kwa herufi kubwa: ASILIMIA 100! Dereva bodaboda wangu akagoma kuvuka mpaka wa wilaya hata kwa nauli mara mbili. Nikamkumbusha kwamba Bukoba mwaka 2023 ugonjwa huohuo uliwapata 9 ukaua 6. Tena, nikamwambia, ukihesabu wanane ambao ulijua wanaumwa kwa sababu wamekufa, lazima wote wawe wamekufa. Aliyeugua kidogo akapona bila kwenda zahanati hayumo kwenye hiyo mia. Akanisikiliza vizuri, akafikiri, akasema: "Sawa katibu. Wewe nenda."

Haya yote ningeyavumilia kama yasingeingia kwenye kikundi. Mweka hazina wetu, mama mmoja wa dagaa ambaye hana mchezo na hela, alisimama kwenye mkutano wa mwaka akasema hatuwezi kwenda kienyeji, katibu alete makadirio ya misiba ili tujue tutunze kiasi gani. Nikafurahi! Hatimaye mtu ananiuliza kitu ninachokiweza. Nikapiga wastani wa miaka ya nyuma, nikaangalia idadi ya wazee, nikaongeza tahadhari ya masika, nikasimama nikasoma: hali ikibaki ilivyo, mwaka huu tutarajie misiba kati ya minne na tisa.

Kimya. Kisha yule mvuvi mstaafu: "Hao wanne ni akina nani?"

Nikamwambia mzee wangu, ni wastani, haina jina. "Papai lilikuwa na jina," akajibu. Mama mmoja akasimama akataka aondolewe kwenye makadirio kabisa kwa kuwa mwanawe anaoa Desemba. Bwana mmoja aliyekuwa anakohoa tangu mwanzo wa kikao akajikuta amekaa benchi peke yake. Akasikika mtu akisema huo ni uchuro, mwingine akasema katibu huyu mwacheni, tangu wakati wa korona hayuko sawa.

Wiki iliyofuata niliwaona wazee kadhaa wa kikundi kwenye foleni ya kupima presha, watu ambao zahanati walikuwa wanaijua kwa kupita tu. Wakitumia dawa, misiba haitafika minne, nami nitaitwa mwongo mwaka mzima. Nimeanza kumwelewa Ferguson.

Bajeti ilipita, lakini kwa sharti. Mwenyekiti aliamuru neno "misiba" lifutwe na mahali pake paandikwe "dharura". Nikafuta. Nikauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga kwa sala. Yule mzee akanyoosha mkono akataka kujua, hao wanne wasipokufa, hela yao anarudishiwa nani.