Sola Ndogo na Nyumba Isiyosema Kweli

Mfumo mdogo wa sola usiotegemea gridi, yaani usiounganishwa na nyaya za shirika la umeme, una viungo vinne tu: paneli inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, betri inayoutunza umeme huo mpaka usiku, kidhibiti chaji kinachokaa kati ya hivyo viwili ili betri isijazwe kupita kiasi wala kukamuliwa ikauke, na invata, ambayo huupandisha umeme wa betri wa volti 12 ukawa wa volti 230 unaotumiwa na vyombo vya kawaida vya nyumbani. Hesabu ya kupima ukubwa wa viungo hivyo haina zaidi ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, na jua la Tanzania ya kati halijulikani kwa utapeli. Hata hivyo nyumba zinazorudi gizani saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, ni nyingi, na anayechunguza chanzo chake hugundua mapema kwamba katika makubaliano yote kati ya jua, betri na binadamu, asiyesema kweli ni binadamu.

Uongo wenyewe si wa makusudi, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuuzuia. Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji wa Singida, aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya sola. Fundi anamwomba orodha ya vyombo pamoja na wati za kila kimoja, wati zikiwa ni kipimo cha kasi ya chombo kula umeme, ili azizidishe kwa saa za matumizi na kupata wati-saa, ambazo ni kiasi kamili kilicholiwa. Mwalimu, kwa mwandiko wa ubaoni, anaandika taa tano za wati 7 kwa saa tano, runinga ya wati 40 kwa saa nne, king'amuzi cha wati 12 kwa saa hizohizo, redio ya wati 8 kwa saa tano, na simu nne zinazohitaji kama wati-saa 15 kila moja. Jumla ni wati-saa 483 kwa siku. Orodha ni safi, imepigiwa mstari kwa rula, na ina kasoro moja: imeandikwa na baba mwenye nyumba akiwa peke yake sebuleni, wakati mama yuko sokoni na vijana hawajarudi.

Mlaji wa kwanza aliyesahauliwa huwa ni invata yenyewe. Chombo hiki hutoza ushuru kwa kila kinachopita ndani yake, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, na invata ya kawaida inayofikisha asilimia 85 humlazimisha mwalimu kuchota betrini wati-saa 568 ili vyombo vyake vipate zile 483. Zaidi ya hapo, invata inayotumia wati 10 kwa kukaa tu ikiwa imewashwa, bila kuhudumia chombo chochote, itakula wati-saa 240 kwa siku nzima, ambazo ni nyingi kuliko za taa zote tano zikijumlishwa. Ikiwashwa kwa saa sita za jioni pekee hula 60, na mahitaji ya nyumba hufika karibu wati-saa 630. Lakini ni vigumu kuishawishi familia ikizime chombo kipya chenye kitaa cha kijani ambacho wageni hukiulizia. Kinachofuata hutokea karibu kila nyumba yenye heshima zake: ndani ya wiki ya kwanza invata inafunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua pembeni, sawasawa na kilichofunika redio na runinga kabla yake, na matundu yaliyowekwa kiwandani ili kutoa joto yanazibwa kwa mapenzi mema. Invata hujikinga na joto kwa kujizima, na fundi anapoitwa, aliyekaa safari nzima akiwaza juu ya nyaya na fyuzi, hutengeneza kila kitu kwa kuondoa kitambaa kwa vidole viwili.

Mlaji wa pili ni sabufa ya kijana wa nyumba, na hapa uongo unaelekea upande mwingine. Sanduku lake huandikwa wati 10,000 za P.M.P.O., kipimo cha kibiashara kinachodai kueleza kishindo cha nukta moja ambacho sikio halitakisikia kamwe, huku kibandiko kidogo cha nyuma kikikiri kwamba chombo kinatumia wati 50. Mwalimu akiliona sanduku hutetemeka bure, kijana akionyesha kibandiko hushinda hoja, na wote wawili husahau kwamba wati 50 kwa saa nne ni wati-saa 200, yaani zaidi ya runinga yenyewe.

Kisha kuna majirani, ambao hakuna jedwali la kihandisi linalowatengea safu. Inafaa kusisitizwa, kwa haki, kwamba runinga haijali idadi ya watazamaji, kwa hiyo mechi ya Simba na Yanga inayotazamwa na watu arobaini, wengine wakiwa dirishani, inakula umeme uleule ambao ungeliwa na mwalimu na paka wake. Tatizo ni kwamba kila mtazamaji huja na simu, na kila simu huja na asilimia tatu. Simu kumi, pamoja na hasara za chaja na invata, hufika karibu wati-saa 200. Kuzikataa haiwezekani, kwa kuwa aliyekuazima jembe mwezi uliopita hanyimwi tundu la chaja, na ile soketi ndefu ya matundu sita, ambayo mwalimu aliinunua kwa ajili ya nyumba yake, kufikia mapumziko inakuwa imening'iniza nyaya nyingi kiasi kwamba mwenyewe anatafuta pa kuchomeka ya kwake. Mechi ikiwa imeanza saa 11 jioni, paneli huwa bado zinachangia kidogo. Jua linapoelekea kuzama, dakika za nyongeza zinachezwa kwa betri peke yake, na invata inaanza kile kilio chake chembamba cha kuonya kwamba volti zimeshuka. Watu wa timu iliyo nyuma huapa kwamba ni njama.

Pasi inahitaji kuzungumziwa peke yake. Haiandikwi katika orodha, kwa sababu kila mwanafamilia anaamini kwa dhati kwamba ataitumia dakika kumi tu, na dakika kumi si matumizi. Pasi ya wati 1,200 kwa dakika kumi ni wati-saa 200, na hilo lingevumilika kama si mkondo wenyewe: wati 1,200 zikigawanywa kwa volti 12 zinadai ampea 100, bila kuhesabu hasara, kutoka kwenye betri za risasi ambazo hupenda kutolewa taratibu, ampea kumi hadi ishirini kwa kila betri yenye ujazo wa ampea-saa 100. Waya mwembamba kati ya betri na invata hupata moto, invata ya wati 1,000 hulia na kujizima, na shati la ibada hubaki limenyooka upande mmoja. Mtumiaji hungoja kidogo, huiwasha tena, na kurudia mpaka upande wa pili unyooke au kitu kiungue.

Betri nayo ina jambo lake ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini. Betri ya risasi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, haitakiwi kutolewa zaidi ya nusu ya ujazo wake kila siku, la sivyo umri wake hukatika. Kwa hiyo betri ya volti 12 na ampea-saa 100, inayosomeka kuwa na wati-saa 1,200, kwa kweli inampa mwalimu 600, pungufu kidogo ya mahitaji ya siku moja. Betri mbili humvusha siku mbili za mawingu, kasoro kidogo. Betri za lithiamu hukubali kutolewa asilimia 80 au zaidi, lakini bei yake humfanya mnunuzi ageukie betri ya gari iliyotumika, ambayo iliundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini na kisha kupumzika, na sasa inatakiwa kuwasha runinga usiku kucha. Betri hiyo hufa ndani ya miezi michache, na huzikwa kwa lawama zinazoelekezwa kwa sola.

Kwa kuhofia wezi, betri huwekwa chini ya kitanda. Betri ya risasi ya aina ya maji inapojazwa umeme hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia nne tu ya hewa yaweza kulipuka kwa cheche, na chumba cha kulala chenye dirisha lililofungwa kwa ajili ya mbu ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuitunzia. Mwizi angekuwa hasara ndogo.

Mgogoro mkubwa wa nyumba, hata hivyo, hauhusu betri bali kidhibiti chaji, ambacho mtaani huitwa kontrola. Volti za betri zinaposhuka hadi kiwango kilichopangwa, mara nyingi kati ya 11 na 11.5, kontrola hukata umeme ili kuinusuru betri, na kwa familia iliyokatiwa tamthilia katikati ya siri kufichuliwa, mlinzi huyu huonekana adui. Hapo hujitokeza kijana ambaye kila ukoo unaye, aliyewahi kutengeneza redio ikalia, akatangaza kwamba kontrola ni mbovu, akaiondoa, akachubua waya kwa meno na kuunga invata kwenye vichwa vya betri moja kwa moja. Tamthilia inaendelea. Kijana anasifiwa, anaongezewa kipande cha nyama, na kwa muda wa wiki kadhaa ushahidi wote uko upande wake, kwani betri inayokamuliwa mpaka volti 10 haifi siku hiyohiyo. Huanza tu kushika chaji kidogo zaidi kila juma, mpaka inafikia kuwasha taa moja kwa nusu saa. Fundi anapofika hukuta kontrola ikiwa salama kabisa, ndani ya kabati la vyombo.

Paneli ndiyo isiyo na matata mengi, ila inanunuliwa kwa hesabu ya matumaini. Jua huwa angani kwa karibu saa 12 kila siku, hivyo mnunuzi huzidisha wati 200 kwa saa 12 na kujipatia wati-saa 2,400 za kinadharia. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, na mwanga wa siku nzima ukikusanywa hulingana na kama saa tano tu za nguvu hiyo. Juu ya bati la Singida saa nane mchana paneli hufika nyuzi 60, na kwa kuwa hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25, asilimia 14 zimekwenda, kabla ya vumbi la kiangazi na kivuli cha mwembe. Fundi mwangalifu huiinulia paneli nafasi ya hewa juu ya bati, huielekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi kama kumi ili mvua iioshe, na katika hesabu hubakiza theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Wati-saa 630 kwa njia hiyo hudai paneli ya wati 200. Hesabu hiyo haikutengea nafasi kanga iliyoanikwa kwenye ukingo wa paneli, ingawa kivuli juu ya seli chache huweza kupunguza umeme wa paneli kwa kiasi kikubwa.

Zikirudishwa sasa katika orodha simu za majirani, sabufa na pasi, pamoja na ushuru wa invata, mahitaji ya kweli ya nyumba ya mwalimu ni karibu wati-saa 1,300, zaidi ya mara mbili ya zile alizoandika kwa rula, na kwa hizo angehitaji paneli za wati 400 na betri nne badala ya mbili. Kwa hiyo orodha iandikwe familia yote ikiwapo, jirani mmoja akialikwa kama shahidi, na kijana wa ukoo apewe kazi ya kuongeza maji safi ya betri, si ya kisima, ili apate heshima bila kugusa kontrola. Majirani na sabufa hawana dawa, hivyo wahesabiwe. Pasi ina dawa: ya mkaa bado inauzwa masokoni, na mwenye bajeti ya paneli ya wati 200 anashauriwa ainunue kabla hajamwita fundi.