Namba Mbili Zilizoonekana Nyingi

Wapo wanaoamini kwamba msimbo mfupi hauna dhambi. Mwaka 2014, toleo la 3.14 la kerneli ya Linux lilirahisisha jinsi RAID 0 inavyotawanya data vipandevipande kwenye diski kadhaa. Awali kerneli ilibeba namba mbili: mahali pa data katika safu nzima ya diski hizo, na mahali pake ndani ya eneo husika, kwani diski zisipolingana ukubwa safu hugawanyika katika maeneo. Mbili za nini? Ikabaki moja. Diski zilizolingana hazikuona tofauti. Kwa zisizolingana, vipande vya kuanzia eneo la pili vikaweza kutafutwa kwenye diski nyingine, siyo ile vilikoandikwa.

Mtasema, nani huunganisha diski zisizolingana? Wachache, naam, ndiyo maana kosa lilijificha hadi 2019. Basi tuache mrundikano wa zamani? La hasha, mrundikano nao huficha makosa yake. Ila anayefuta namba kwa sababu inafanana na mwenzake angeuliza kwanza zinatofautiana lini. Leo, tangu toleo la 5.4, kerneli ikikuta safu ya aina hiyo isiyo na alama ya mpangilio wake hugoma kuiwasha mpaka mwenyewe achague kati ya mpangilio wa zamani na mpya: wa 1 au wa 2? Naye, maskini, hakujua hata kwamba ipo miwili.