Sekunde Kumi na Sita za Mtoto wa Pimbi

Kando ya Ziwa Singidani, chini ya majabali yanayouzunguka mji wa Singida, ndege na wanyama walikuwa na shule yao. Heroe waliwaleta watoto wao kutoka kwenye maji ya chumvi, pimbi wakawateremsha wao kutoka kwenye nyufa za miamba, sungura wakatokea mashamba ya alizeti. Darasa la kwanza lilikuwa la Mwalimu Kanga. Wanafunzi wake walikuwa 112, na madawati yaliwatosha nusu yao.

Jumatatu waliingia mstarini, wakakaguliwa kucha, wakafagia uwanja, wakaitwa majina. Kuita majina peke yake kulimaliza kipindi cha kwanza.

Usiku ule Mwalimu Kanga alipiga hesabu mchangani kwa ukucha. Kipindi kina dakika 30, yaani sekunde 1,800. Ukizigawa kwa watoto 112, kila mmoja anapata sekunde 16 za kusikilizwa na mwalimu wake, na hapo mwalimu hajafundisha kitu. Darasa la watoto 45, ambalo ndilo kipimo cha serikali, lingempa kila mtoto sekunde 40. Wanadamu wanaijua hesabu hii. Januari 2016, michango ya lazima ilipofutwa Tanzania, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa umaskini wa wazazi walimiminika darasa la kwanza, na wengi wakakaa sakafuni. Kufungua mlango ule lilikuwa jambo jema, nami nitalitetea popote. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na mtoto aliyeandikishwa bado hajasikilizwa.

Jumanne ilikuwa siku ya kuhesabu. Mwalimu Kanga aligawa mbegu za alizeti, kumi kwa kila kikundi, akawaambia wazipange kwenye mstari. Alipogeuka ubaoni na kurudi, kikundi cha vifaranga wa kanga kilikuwa na saba.

"Zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Kumi, mwalimu."

"Na sasa?"

"Saba."

"Mmekula ngapi?"

Wakatazamana, wakazihesabu tena zilizobaki, wakahesabu na vidole vya miguu. "Tatu!" Hapo kutoa kuliingia vichwani mwao, na hakukutoka tena. Mtoto wa pimbi, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu shule ifunguliwe, alisogeza mbegu mbili mbele ya jirani yake heroe, akamwambia kitu kwa lugha ya majabalini. Heroe hakuielewa lugha, ila aliielewa hesabu. Kesho yake mwalimu aliacha mbegu, akaleta vizibo vya soda na kokoto.

Jumatano walisoma. Ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima liliitikia kwa sauti moja mpaka mijusi wakakimbia kwenye paa. Mwalimu Kanga alipita kati ya safu, na alipofika kwa mtoto wa pimbi akainama. Kinywa cha mtoto kilikuwa kinafunguka na kufumbwa sawasawa na wenzake, lakini hakikutoa sauti. Alikuwa amejifunza umbo la kuitikia. Kwao husemwa lugha nyingine kabisa, na Kiswahili alikikuta darasani siku moja na herufi, vyote viwili vikiwa vipya.

Nalichukia itikio la namna hiyo linapotumika kama kipimo. Ni zuri kwa kuchangamsha na kwa kukaza kumbukumbu, lakini ndani yake mtoto anaweza kujificha mwaka mzima, akapanda darasa, akafika la nne hajui kusoma.

Alhamisi kwelea kwelea walivamia mashamba ya uwele, na watoto 52 wakabakizwa nyumbani kuamia. Waliofika walikuwa 60. Sekunde 30 kila mmoja! Mwalimu Kanga akafurahi, na furaha ile ikamuuma, maana 52 walikuwa juani wakipiga makopo. Alimketisha mtoto wa pimbi karibu na yule heroe, akawapa neno moja wahangaike nalo. Mchana ikaja barua: kesho Bwana Mbuni wa wilayani atakagua. Yaandaliwe maandalio ya masomo, chati za ukutani na wimbo. Vipindi vyote vya mchana vikaliwa na wimbo.

Ijumaa Mbuni alifika mbio, vumbi likimfuata.

"Shikamoo, mzee!" wakaimba 112, kwani walioamia nao walikuwa wameitwa wajaze darasa.

"Marahaba!" Kichwa chake kilikuwa juu ya boriti, hivyo aliziona chati vizuri sana. Akawataka waitikie ba, be, bi, bo, bu. Wakaitikia. Akaandika: wanafunzi 112, wamemudu 112.

"Mzee," akasema Mwalimu Kanga, "hii hapa orodha. Kila jina, na neno la mwisho alilosoma peke yake mbele yangu. Nimefika la 57."

Mbuni akaigeuza huku na huku. "Fomu yangu haina safu ya kuliweka hili."

"Basi keti, mzee, umsikilize mmoja tu."

Kuketi ni kazi kwa mwenye miguu mirefu, lakini watoto walikuwa wanamtazama, naye akaikunja. Mtoto wa pimbi akaletwa mbele. Akaweka kidole chini ya neno.

"A," akasema. Zikapita sekunde kumi. "A-li." Zikapita nyingine kumi. Heroe wake nyuma alijizuia asimsaidie. "A-li-ze..."

Mbuni alitazama jua. Shule nyingine zilikuwa zinamngoja njia ya Manyoni. Akainuka, akakung'uta vumbi mabawani, akasema, "Vizuri, anaelekea kumudu," akatoka kwa hatua ndefu na fomu yake iliyojaa.

Mtoto akakitazama kidole chake.

"Mimi sijaondoka," akasema Mwalimu Kanga. "Endelea."

"Ti. Alizeti!"

Mwalimu akaandika neno lile mbele ya jina lake, akamwita wa 59.