Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Barabara za Dar es Salaam

YAH: MAELEZO KUHUSU MTEMBEA KWA MIGUU, MWENDESHA BAISKELI NA ABIRIA WA BASI

Mtembea kwa miguu ni msafiri mwenye injini ya ugali. Haagizwi bandarini, hasajiliwi, halipi ada ya maegesho wala hana bima ya gari, hivyo ofisi nyingi zimekosa pa kumwandika. Hupatikana katika wilaya zote tano za Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na hujitokeza kwa wingi kabla jua halijachomoza, kwenye vichochoro vinavyotoka mitaa ya ndani kwenda kituoni. Wenye dhamana hupita barabarani vioo vikiwa vimepandishwa, na mara nyingine trafiki ameshawasimamishia wengine, kwa hiyo si ajabu kwamba hawajawahi kumwona. Maelezo haya yametayarishwa ili siku wakikutana naye wamtambue.

Makazi yake ni njia ya waenda kwa miguu. Njia hiyo ina matumizi mengi katikati ya jiji. Kwanza ni maegesho ya magari, yakiwemo yenye namba za serikali, ambayo huegeshwa kwa unadhifu mkubwa kiasi kwamba tairi mbili hubaki barabarani kuonyesha heshima kwa sheria. Pili ni kijiwe cha bodaboda. Tatu ni barabara ya dharura ya bodaboda hao hao foleni inapokaza. Zamani ilikuwa pia soko, hadi Oktoba 2021 machinga walipoondolewa kwenye maeneo hayo ili, pamoja na mengine, mtembea kwa miguu apishwe. Alipishwa. Katika baadhi ya mitaa nafasi ilibaki wazi kwa siku kadhaa, kisha magari yakaegeshwa.

Panapokosekana njia yake, hupita juu ya mtaro. Mtaro wa Dar es Salaam hufunikwa kwa mifuniko ya zege, mmoja upo, mmoja umevunjika, mmoja umekwenda kusikojulikana, na ndiyo maana wakazi wa jiji hili wana hatua ndefu. Usiku huongozwa na kumbukumbu. Mgeni huongozwa na mwenyeji, au na tawi la mti ambalo msamaria mwema amelichomeka shimoni kuwa alama ya hatari. Tawi hilo ndilo chombo cha usalama barabarani kinachowekwa haraka kuliko vyote mkoani, kwa kuwa halihitaji zabuni.

Kuhusu ofisi zinazomhudumia, mfano mmoja unatosha. Mkazi wa Kimara anayekwenda Posta hutoka nyumbani kwa njia ya mtaa iliyo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Hufika Barabara ya Morogoro, ambayo ni ya TANROADS. Huvuka chini ya uangalizi wa Kikosi cha Usalama Barabarani, akaingia kituo cha mabasi cha DART, akapanda basi ambalo nauli yake hupangwa na LATRA. Takataka alizoruka njiani ni za halmashauri. Hajafika hata Ubungo, tayari amekuwa mteja wa ofisi sita, na ule mtaro wenye shimo ulio kati ya ofisi ya kwanza na ya pili, kila moja husema ni wa hiyo nyingine.

Kuvuka barabara ni tendo lenye sheria yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe aliye kwenye kivuko, na mwendo wa mwisho maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Desturi imeongeza vifungu. Dereva akimwona mtu kwenye zebra huwasha taa mara mbili, maana yake akae huko huko. Akitokea mstaarabu akasimama, wa nyuma humpigia honi, na bodaboda hupita kushoto kwake bila kupunguza, ili aliyedhani amepishwa ajue amepishwa na mmoja tu. Mama aliyeshika mkono wa mtoto huinua mkono wake mwingine juu, akavuka kana kwamba anaapa mahakamani.

Pale ambapo desturi imeonekana kuwa kali mno, hujengwa daraja la juu. Manzese wanalo tangu zamani, na limewapa wenye daladala jina la kituo, Manzese Darajani. Busara ya daraja la aina hii ni kwamba gari lenye nguvu za farasi mia lisisumbuliwe kwa kupunguza mwendo, ilhali mama mwenye beseni la samaki kichwani, ambaye hana hata farasi mmoja, apande ngazi upande huu na kuzishuka upande ule. Wapo wakaidi wanaopita chini. Hao huitwa wazembe katika kila semina ya Wiki ya Nenda kwa Usalama.

Kwa bahati mbaya dawa ya sehemu ya tatizo hili inajulikana, na ilianza kutumika Dar es Salaam kwenyewe. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara hatari, likaweka matuta, alama, njia za miguu na nguzo fupi za kuzuia magari. Kwingine kazi kubwa ilikuwa kuhamisha geti la shule, watoto wasitokee moja kwa moja kwenye barabara kuu. Mpango huo, SARSAI, ulienea katika nchi nyingine za Afrika, na mwaka 2019 ulishinda Tuzo ya WRI Ross ya miji, yenye thamani ya dola 250,000. Udhaifu wake ni bei ndogo. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilizinduliwa mwaka 2018 na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, kwa hotuba, matarumbeta na majina ya watu. Tuta halikatiwi utepe, na hakuna kiongozi ambaye angefurahi kuona jina lake limeandikwa kwenye tuta.

Mwendesha baiskeli ni jamaa ya mtembea kwa miguu aliyepata mtaji. Nchi iliwahi kuunda baiskeli zake zenyewe, Swala, na Phoenix za kutoka China bado zinabeba mkate, madafu na trei za mayai hadi mitaa ambayo lori haliingii. Ndugu yake mwenye matairi matatu ni guta, ambaye jokofu na kabati la harusi humtegemea yeye. Njia ya baiskeli alishajengewa, kando ya Barabara ya Morogoro, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipokuja. Humo leo atakuta pikipiki zinazomjia uso kwa uso, gari bovu lililopigwa jeki na muuza viazi. Huonwa kero akibeba madafu. Akivaa kofia ya plastiki na kaptura ya kubana, Jumapili asubuhi kule Masaki, huitwa mwanamichezo na magari humpisha.

Abiria wa basi ndiye mwenye historia ndefu. Shirika la mabasi la UDA la miaka ya 1970 na 1980 lilimpa Ikarus kumbakumba. Mabasi yalipopungua, daladala zikahalalishwa mwaka 1983, na tangu hapo konda humhakikishia kwamba nyuma kweupe, hata pale ambapo nyuma hakuonekani. Ufundi wake mkubwa ni kugeuza na gari. Mtu anayetaka kwenda Mbagala jioni hapandi gari kwenye kituo linapoanzia. Hulifuata linakotokea, analipa nauli ya kwenda asikotaka, akae kwenye kiti mpaka ligeuze. Jiji linalomlipisha mtu mara mbili ili akae mara moja linastahili kusomwa vyuoni, kwenye kozi za uchumi.

Mei 2016 ikaja mwendokasi, yaani hayo mabasi yaendayo haraka. Njia yake ya kwanza, takriban kilomita 21, ilitoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi kwenda Gerezani na Morocco, nauli ikiwa shilingi 650. Ukweli usemwe, ilikuwa kazi nzuri. Safari iliyokula asubuhi nzima ikawa ya chini ya saa moja, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kushinda Tuzo ya Usafiri Endelevu. Daladala nyingi ziliondolewa kwenye barabara hiyo, kwa imani kwamba mabasi yangeongezeka kadiri watu walivyoongezeka. Watu walitimiza sehemu yao. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi Kimara, kuna foleni iliyojaza jukwaa zima, basi linakuja limejaa au halijai kwa kuwa haliji, na likifungua mlango kijana hupitisha begi dirishani kwanza; begi likikaa, kiti ni chake.

Karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Mto ulikuwepo kabla ya karakana, na inaelekea haukushirikishwa. Masika ilipofika ulidai eneo lake, karakana ikafurika, ikafurika tena miaka iliyofuata, na Barabara ya Morogoro ikawa inafungwa pale bondeni huku mabasi yakiishia Magomeni. Siku hizo abiria hurudia cheo chake cha asili. Hukunja suruali, hushika viatu mkononi, na katika mitaa iliyofurika hubebwa mgongoni na vijana kwa malipo ya papo hapo. Usafiri huo hauna kadi, hauna kituo, haujawahi kushinda tuzo, na chenji hutolewa.

Kwa maelezo hayo, haliombwi daraja jipya wala awamu nyingine ya mradi wowote. Linaombwa jina la mwenye mtaro. Majibu yatolewe kwa maandishi.

Nakala: TANROADS, TARURA, DART, LATRA, Kikosi cha Usalama Barabarani, na halmashauri zote tano. Zimepelekwa siku moja, kwa mkono na kwa miguu, na kila ofisi imesaini daftari la kupokelea, ili isiwepo ya kusema barua ilikwenda kwa hiyo nyingine.