Namba saba hadi moja: sentensi ambazo nesi mwanafunzi asizimeze

Wanafunzi wa uuguzi mnaoanza zamu kliniki ya uzazi wa mpango, dozi mmeshazikariri, na mwalimu wenu ameridhika. Sasa yupo mama kwenye benchi, mtoto mgongoni, na swali lake halikutoka kwenye mtihani. Kila njia ina sentensi yake ambayo nesi akiimeza, dawa nzuri inageuka hasara. Nimezipanga kuanzia ile inayosahaulika kwa nadra hadi ile tunayoisahau kila siku.

7. Vasektomi. Iko mkiani kwa sababu wanaume wanaokuja ni wachache. Akina baba, milango iko wazi! Swali lao ni lilelile, tena kwa sauti ya chini: "Nesi, nitabaki mwanaume?" Utabaki baba, na ndevu zako zote. Kinachofungwa ni mirija ya kupitisha mbegu tu, nguvu haziguswi. Ila mwambie hili akiwa anakutazama usoni: miezi 3 ya mwanzo atumie kondomu, kwani mbegu zilizokwisha kupita mbele ya fundo bado zimo. Asipoambiwa, mkewe akashika mimba, kesi ya ugoni itamwangukia mama asiye na kosa.

6. Kunyonyesha. Masharti ni matatu na yote yaende pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, mama hajaona siku zake, na mtoto ananyonya tu, usiku na mchana. Bibi akishaanza kumlambisha mjukuu uji, mama atafutiwe njia nyingine upesi. Msimgombeze bibi, mwiteni naye asikilize.

5. Kondomu. Nawaona mnavyoushika ule mfano wa mbao huku macho yako darini. Dari haitumii kondomu, mteja ndiye anayetumia! Mwonyeshe: soma tarehe, chana pembeni kwa vidole wala si kwa meno, bana ncha hewa itoke, vingirisha hadi shinani. Mafuta ya nazi na Vaseline vikae mbali, vinauharibu mpira. Wanawake 100 wakitegemea kondomu za kiume kama watu wanavyozitumia kwa kawaida, karibu 13 hushika mimba ndani ya mwaka. Zikitumika sawasawa kila mara, ni kama 2. Sehemu kubwa ya pengo hilo inazibwa na mafunzo yenu. Tena kondomu ndiyo inayokinga na VVU, hata kwa mama mwenye njia nyingine.

4. Vidonge vya dharura. Mapema ndivyo vizuri, vya kawaida ni ndani ya saa 72. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga, na tendo la kesho havilikingi. Binti akija kuviomba, mpeni kiti kabla ya swali lolote. Mahubiri ameshayasikia njiani.

3. Kitanzi. "Nasikia kinapanda mpaka moyoni." Usicheke. Chukua ule mfano wa mfuko wa uzazi, mpe aushike, mwambie aitafute mwenyewe hiyo njia ya kwenda moyoni. Ataukagua, ataugeuza, atakurudishia huku anatabasamu. Cha shaba hakina homoni, na hukaa miaka 10 au zaidi. Sentensi yake: miezi 3 hadi 6 ya kwanza hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu zaidi. Na mume akilalamika kuguswa na nyuzi, mama arudi zipunguzwe, asizivute mwenyewe.

2. Vidonge vya kila siku. Mume ni dereva wa malori, na mama anameza siku ambayo lori linaingia. Mama mpenzi, kidonge hakimsubiri dereva! Ni kimoja kila siku, saa ileile, awepo asiwepo. Ukisahau kimoja, meza unapokumbuka hata kama vitakuwa viwili siku moja. Ukisahau viwili mfululizo au zaidi, ongeza kondomu kwa siku 7. Kabla ya kumpa vile vyenye homoni mbili, mpime presha, muulize kama ananyonyesha, kama anavuta sigara na amefika miaka 35, kama anatumia dawa za TB. Maumivu makali ya kifua, kichwa kuuma ghafla na macho kuona giza, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hapo aje siku hiyohiyo, usiku au mchana.

1. Sindano ya miezi mitatu. Kuchoma ni dakika moja, ndiyo maana maneno yanaachwa. Siku zake zitabadilika: matone leo, wiki mbili mfululizo baadaye, halafu huenda zipotee kabisa. Asipoambiwa, jirani atamweleza kwamba damu chafu inarundikana tumboni, na harudi tena. Hakuna kinachorundikana. Kila mwezi mfuko wa uzazi hutandika kitanda cha mtoto na kukikunja asipokuja, na sindano inafanya kitanda kisitandikwe. Mwambie pia kwamba akiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, ila uzazi unarudi. Na akichelewa tarehe yake kwa wiki 2 au 3, msimfukuze wala kumfokea, bado anaruhusiwa kuchomwa.

Kisha muulize: "Mama, jirani akikuuliza mbona huoni siku zako, utamjibu nini?" Nyamaza umsikilize. Akisema, "Nesi kasema ni kawaida," hujamaliza kazi, vuta kiti uanze upya. Akisema, "Kitanda hakikutandikwa, kuna nini cha kukunja?", mpigie makofi, mwandikie tarehe kwenye kadi, mwite anayefuata.