Namna ya Kumtembeza Goma Shemeji Aliyefika Xi'an

Shemeji amerudi. Alikwenda Guangzhou kununua simu na viatu, kama wafanyabiashara wenzake wa Birere, lakini mara hii akapanda treni mpaka Xi'an, na tangu arudi nyumba haina amani. Chai ya asubuhi ni Xi'an, ugali wa jioni ni Xi'an. Ameona ukuta wa enzi za Ming unaozunguka mji mkongwe, karibu kilomita 14. Ameona pagoda iliyojengwa mwaka 652, wakati mji ukiitwa Chang'an na ukiwa makao ya wafalme wa Tang. Ameona askari wa udongo waliozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na sura yake, na inaelekea amewapiga picha wote. Jana usiku ameweka kikombe mezani na kuuliza swali ulilokuwa unaliogopa: "Na hapa Goma, shemeji, kuna nini cha kale?"

Wewe ni mzaliwa wa hapa. Hujui, na hujawahi kuuliza. Usihangaike. Fuata maelekezo haya, na mwishoni heshima yako itakuwa nzima na viatu vyako vitakuwa vimechakaa kidogo tu.

1. Usikubali shindano la umri.

Kwa umri utashindwa kabla ya chai kupoa. Goma ilianza kama kituo cha Wabelgiji kikitazamana na Wajerumani wa Gisenyi, na mpaka kati yao uliamuliwa Brussels mwaka 1910 na watu wasiokuwa na shamba upande wowote. Ukiweka 1910 mbele ya 652 umejimaliza mwenyewe. Kwa hiyo tamka sentensi hii, taratibu, ukimimina maziwa: "Xi'an ilikwisha kujengwa, shemeji. Ya kwetu bado inaendelea." Kisha nyosha kidole kaskazini, kwa Nyiragongo, mita 3,470. Kama kuna mawingu, ni bahati yako: mlima usioonekana hauwezi kukuumbua.

Usiku huo kariri miaka mitatu: 1977, 2002, 2021. Hiyo ndiyo milipuko. Mingine yote sema "zamani za wazee".

2. Anzia uani kwenu, na umpe jembe.

Usikodi gari bado. Shemeji atakusimulia, kwa mara ya nne, jinsi wakulima wa karibu na Xi'an walivyokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 wakakutana na jeshi zima chini ya ardhi. Mwache amalize. Usimkatize hata pale anapoongeza maneno. Halafu mletee jembe na umwambie: "Karibu, chimba na wewe."

Jembe litalia. Chini ya kiganja kimoja cha vumbi kuna mwamba mweusi, na chini ya mwamba huo, mitaa mingi, kuna mwamba wa mlipuko uliotangulia. Ndiyo maana mji huu hauna visima vya kujivunia, watoto wanashuka ziwani na vidumu vya njano, na kuchimba choo ni mradi wa familia nzima. Shemeji akiwa ameshika mpini na mikono inamuuma, hapo ndipo unapotoa mwaka wako wa kwanza.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikamalizikia ziwani. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ilizikwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi wakarudi, mwamba ukiwa bado unatoa moshi, wakaanza kupima viwanja juu yake. Hapa unaruhusiwa kukohoa kwa majivuno. Wachina wamechimba wapate jeshi la chini. Mji wetu wa chini tunajua uko pale pale, ila tumeshaujengea maduka juu na wapangaji hawataki kuhama.

Atauliza lava ilipita wapi hasa. Jibu ni "hapa". Ukiwa katikati ya mji utakuwa sahihi mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukitaka kumshangaza zaidi, tafuta jengo la zamani ambalo mlango wa duka ulikuwa dirisha la ghorofani, kwa kuwa ghorofa ya chini ilimezwa. Mpeleke pia kwenye kiwanja cha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoliwa na lava ile ile, ambalo kuta zake nyeusi zilisimama miaka mingi bila paa. Mbele ya kanisa vua kofia na nyamaza. Kimya kinahesabiwa kuwa ni maarifa.

3. Picha kwanza, historia baadaye.

Binadamu hatembelei mambo ya kale. Anatembelea picha yake akiwa mbele ya mambo ya kale. Usimhukumu shemeji, na wewe ungefanya hivyo hivyo. Mpeleke kwenye mzunguko wa Chukudu, kwenye sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nenda asubuhi, kabla waendesha pikipiki hawajajaa na kuingia wote kwenye picha.

Hoja yako hapo iwe fupi. Xi'an walimchongea mfalme askari. Goma tumemchongea mbeba makabichi. Akiuliza nani zaidi, mwonyeshe chukudu ya kweli ikishuka kutoka Kibumba na magunia ya makaa na viazi, mbao tupu na magurudumu yenye kipande cha mpira, kijana amepiga goti moja juu yake na anaelekea kukugonga. Lipa kidogo ili shemeji aishike chukudu ikiwa imesimama. Akidai kuisukuma na mzigo, kubaliana bei ya makabichi kwanza.

4. Majengo ya wakubwa.

Kasri la Mobutu liko kando ya ziwa. Mwonyeshe kwa kidevu. Simu ibaki mfukoni. Uwanja wa ndege, mpakani na popote penye mtu mwenye bunduki, fuata kanuni hiyo hiyo. Endelea kutembea.

5. Panda Nyiragongo bila kupanda Nyiragongo.

Hii ndiyo hatua yenye ufundi, kwa hiyo vuta kiti.

Shemeji atataka kileleni. Wewe hujawahi kufika, na jirani zako wengi hawajafika, ingawa kila mmoja ana hadithi ya jinsi baridi ilivyomtesa kule juu. Kupanda kulikuwa ni kazi ya saa tano au sita, askari wa hifadhi mbele, mbeba mizigo nyuma, usiku kwenye kibanda ukingoni, ziwa la moto linachemka chini yako. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 na vita vilivyofuata, njia hiyo ilifungwa kwa watalii. Pokea habari hii kwa uso wa huzuni. Tikisa kichwa. Sema, "Ah, shemeji, ungekuja mwaka ule!" Usitaje ni mwaka upi.

Kisha mpe historia ya kutosha kumshibisha. Mjerumani mmoja, kabaila Gustav Adolf von Götzen, alitoka pwani ya Pangani akivuka Afrika, na mwaka 1894 akafika ziwa Kivu na kuupanda mlima huu. Vitabu vya kwao vilimwandika kuwa mgunduzi. Wavuvi waliokuwa ziwani siku hiyo hawakuandikwa popote, kwa kuwa walikuwa kazini. Götzen huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na meli ya Kigoma inayoitwa Liemba ilianza maisha kwa jina lake. Shemeji kama amewahi kusikia habari za Liemba, atadhani unajua kila kitu. Usimtoe kwenye dhana hiyo.

Mwaka wako wa pili uwe 1977: tarehe 10 Januari ziwa la moto lilipasua kuta za mlima na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja, lava nyepesi ikienda kasi kuliko gari katika barabara zetu. Sentensi hiyo ya barabara itamchekesha na kumsahaulisha kilele. Wa tatu ni 2021, Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei, lava ilipokata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihame alfajiri, na barabara ya Sake ikajaa magodoro juu ya vichwa. Hilo huhitaji kukariri. Ulikuwa mmoja wao, na godoro lilikuwa lako.

Sasa ushahidi. Jioni, shemeji akiwa anaoga, toka nyuma ya nyumba ukachomoe jiwe moja kwenye ukuta wa ua. Lipanguse. Lifunge kwenye gazeti. Mkabidhi kwa mikono miwili, "kutoka Nyiragongo". Hujasema uongo hata kidogo: jiwe lilitoka Nyiragongo, lilisafiri lenyewe, na liliingia kwenye kiwanja chenu bila kubisha hodi. Akifika Guangzhou atawaonyesha watu na kueleza jinsi alivyopanda. Huo sasa ni uongo wake, na yeye ni mtu mzima.

6. Upande wa Sake, punguza maneno.

Mchana wa pili chukueni pikipiki mpaka Lac Vert, ziwa dogo la rangi ya kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano ya kale. Panapendeza, na hakuna ngazi nyingi. Onyo moja na la kweli: shemeji asichuchumae kwenye mabonde madogo kutafuta pembe nzuri ya picha. Upande huu kuna mazuku, gesi nzito isiyo na harufu inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini. Mbuzi huingia wakiwa wazima na hawatoki. Wenyeji wanajua mashimo yenyewe. Waulize, na usijifanye unajua.

Njiani mtapita Mugunga. Hapa acha mbinu zangu zote. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika mji na kambi zilizouzunguka, na mwamba ule ule uliokataa jembe la shemeji ulikataa pia makaburi. Ilibidi matingatinga yaletwe. Kambi zimerudi hapo na kuondoka zaidi ya mara moja tangu wakati huo, nyingine zikiwa za watu wetu wenyewe wa Masisi na Rutshuru. Hakuna kibao cha kusoma, na picha haihitajiki. Mwambie dereva asisimame.

7. Malizia mezani.

Mtu aliyeshiba haulizi tarehe. Mpeleke ziwani, agiza sambaza wa kukaanga, limao na pilipili, na bia ya Primus ya baridi. Atauliza kama huyu ndiye samaki wa mababu. Sema ndiyo kwa macho makavu. Ukweli ni kwamba sambaza aliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kuna bibi mtaani kwenu aliyemtangulia kufika. Lakini ni nani anayetaka kusikia hayo sahani ikiwa moto? Mpe badala yake jambo la kweli lililo tamu zaidi: ziwa hili halina mamba, ila chini kabisa limebeba gesi ya methani ambayo Wanyarwanda ng'ambo wanaivuta na kuzalisha umeme. Atatazama maji kwa muda mrefu. Tumia muda huo kumaliza sambaza.

Ikiwa baada ya haya yote bado anataka mji mkuu wa kale, wenye majumba ya zamani na barabara zilizopangwa, usibishane naye. Mpakie kwenye boti ya Bukavu. Wabelgiji waliuita Costermansville, na ndio uliokuwa makao makuu ya Kivu nzima mpaka 1988, mkoa ulipogawanywa na Goma ikapata wake. Huko una binamu. Mpigie leo usiku, umwambie shemeji anakuja, anapenda sana historia, na tiketi ya kurudi hana haraka nayo.