Sifa za Supu ya Maganda

Supu ya makongoro haina shida ya wapambe. Kila asubuhi, kuanzia Mlandizi hadi Chalinze, wanaume wazima huinamia bakuli, ndimu mkono huu, chapati mkono ule, wakiisifu kwa jasho. Ya pweza ndiyo usiseme. Hiyo husifiwa kwa kunong'ona. Mimi nasimama kumtetea yatima: supu ya maganda. Maganda ya karoti, vichwa vya nyanya, mashina ya mchicha, vishina vya uyoga wa masika, maganda ya vitunguu, vyote sufuriani, maji, moto.

Naanza na tabia yake njema. Hapa Magindu, ambako mkulima na mfugaji hutazamana kwa jicho la pembeni, hii ndiyo supu pekee ambayo haijawahi kuingia shambani kwa mtu. Haina kwato, haina kesi kwa mtendaji wa kijiji.

Kisha elimu yake. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani hadi akakipata kile kinachofanya mchuzi uwe na ladha ya nyama, yaani glutameti. Glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya iliyoiva na kwenye uyoga. Mwaka huohuo kampuni ya Julius Maggi wa Uswisi ikaingiza sokoni kidonge cha supu, na tangu hapo tunanunua kwa fedha ladha ambayo jalala letu linayo bure. Wahenga walishatuonya kwamba ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Chungu mdudu aliona mapema. Chungu cha jikoni ndicho kilichochelewa.

Watesi wake husema inamaliza mkaa. Jamani! Makongoro hukaa motoni tangu usiku wa manane, katika nchi ambayo misitu yake imekwenda Dar es Salaam ndani ya magunia. Supu ya maganda inataka saa moja, basi. Ikizidi hapo inaingia uchungu, kana kwamba inakukumbusha kuni hazioti jikoni.

Tena ina maringo, na kiumbe asiye na maringo nani amheshimu? Kabichi haitaki: ikichemka sana nyumba nzima inanuka, majirani wanauliza kulikoni. Ganda la kiazi lililogeuka kijani haligusi, lina sumu. Hata kisamvu, fahari ya Pwani, hakipewi kiti, kwa sababu jani la muhogo hutwangwa na kuchemshwa ili sumu yake itoke, na kwenye supu maji ndiyo chakula chenyewe. Maganda ya vitunguu, kwa upande mwingine, hupokewa kwa heshima zote. Hayo ndiyo huipa rangi ya dhahabu iliyokolea, hata mtu aape kwamba kuna ng'ombe amepita humo.

Mpinzani mmoja tu ndiye mwenye hoja, naye ni mbuzi. Maganda ni haki yake ya jadi, na akisimama mlangoni kudai, macho yake yanasema wazi: haraka ya nini? Nipeni hayo, mwakani nitawarudishia supu yenye makongoro kabisa. Sina la kumjibu. Namtengea makapi yaliyochujwa, nikitoa vitunguu maana vikizidi humharibia damu, naye huyanusa kwa dharau ya mtu aliyeletewa sahani iliyokwisha liwa.

Basi supu hiyo ichemshie maharage, au pikia wali badala ya maji. Na mkwe akija, akala, akatafuta kwa kijiko mpaka chini ya bakuli, kisha akauliza nyama iko wapi, mpigie goti na umjibu kwa adabu: "Imeiva mno, baba. Imeyeyuka."